Ushahidi wa kazi yako uko wapi? Kisa cha afisa afya aliyeomba usajili Uingereza

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mtaalamu wa afya ya jamii kutoka Tanzania anayefanya kazi katika halmashauri moja ya England. Amekubali kiandikwe. Jina lake, mji, halmashauri na watu waliomzunguka havikutajwa, na mambo machache yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili asitambulike. Nitamwita Bi. M. Mimi nilikuwa mlezi wake wa kitaaluma katika kipindi chote cha kuomba usajili, kwa hiyo mengi niliyaona mwenyewe na mengine nimeyarejea kwenye barua pepe tulizoandikiana.

Ninakiandika kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara nyingi na maafisa afya waliohama au wanaofikiria kuhama: je, cheti changu cha nyumbani kinatambulika huko? Jibu ni hapana, hakihamishiki. Lakini anayeishia kwenye jibu hilo hajasaidiwa, maana kazi iliyo nyuma ya cheti hicho inaweza kuhesabiwa, na kwa Bi. M. sehemu yake ilihesabiwa. Kilichomchelewesha ni namna alivyojaribu kuithibitisha.

Mhusika na kazi yake

Bi. M. alisomea afya ya mazingira akaajiriwa kuwa afisa afya wa kata. Wanaoijua kazi hiyo wanajua upana wake. Asubuhi unakagua vyoo vya shule, mchana uko kwa mama lishe unaangalia maji ya kunawa, jioni umeitwa ofisi ya kata ueleze kwa nini umemfungia mtu mgahawa. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilipofika mkoani kwao, aliingia kwenye timu ya wilaya: kutia klorini kwenye visima, kuwafuatilia waliokula na kulala nyumba moja na mgonjwa, kusimamia mazishi yafanyike kwa usalama bila kuwavunjia wafiwa heshima. Alikuwa amesajiliwa na baraza la taaluma yake, kama inavyotaka Sheria ya Usajili wa Wataalamu wa Afya ya Mazingira ya mwaka 2007.

Alihamia Uingereza kumfuata mumewe. Alianza kwa kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, akasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii huku akifanya kazi, kisha akaajiriwa na kitengo cha afya ya jamii cha halmashauri. Tangu Aprili 2013 halmashauri za England ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuboresha afya ya wakazi, kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa chini ya huduma ya taifa ya afya, NHS.

Jukumu lake kubwa lilikuwa kuhamasisha wahamiaji wapya wajitokeze kupimwa maambukizi fiche ya kifua kikuu, yaani hali ambapo vimelea vimo mwilini lakini mtu haumwi wala haambukizi wengine. England ina mpango wa kuwapima kwa damu watu wenye umri wa miaka 16 hadi 35 waliofika karibuni kutoka nchi zenye kifua kikuu kingi, zikiwemo za Afrika kusini mwa Sahara. Anayekutwa nayo hupewa dawa za miezi kadhaa ili ugonjwa usije ukaamka. Katika eneo lake walengwa wengi walikuwa Wakongo na Warundi, pamoja na Wakenya na Watanzania wachache, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha.

Rejista yenyewe

Rejista ya Afya ya Umma ya Uingereza, inayofahamika kwa kifupi chake UKPHR, ilianzishwa 2003. Wakati huo lengo lilikuwa kuwapa usajili mabingwa wa afya ya jamii ambao si madaktari, kwani madaktari walikuwa na baraza lao. Mwaka 2011 ilifungua mlango kwa wataalamu wa ngazi ya utendaji, watu wa aina ya Bi. M.: wanaopanga miradi, wanaochambua takwimu za mitaa, wanaoonana na wananchi.

Usajili huu ni wa hiari. Hapo msomaji wa Afrika Mashariki asimame kidogo. Tanzania, na Kenya chini ya sheria yake ya 2013 ya maafisa wa afya ya umma, usajili ni sharti la kufanya kazi. Uingereza hakuna sheria inayomzuia asiyesajiliwa kufanya kazi ya afya ya jamii katika ngazi hii. Rejista imeidhinishwa na mamlaka inayosimamia viwango vya mabaraza ya afya, mamlaka inayowajibika kwa Bunge, na baadhi ya waajiri huitaja kwenye matangazo ya kazi. Uzito wake unatoka hapo.

Njia ya kuingia ni jalada la kazi. Viwango vinagusa sheria na maadili, matumizi ya takwimu, upimaji wa ushahidi wa kisayansi, kulinda watu dhidi ya hatari za kiafya, kushirikiana na taasisi nyingine, kupanga na kutathmini miradi, na mawasiliano. Kwa kila kiwango mwombaji huonyesha kwamba anajua, anaelewa na ametenda. Huandika maelezo ya kazi aliyoifanya na kuambatanisha ushahidi. Mtathmini hulisoma jalada kiwango kwa kiwango, akikubali, akitaka ufafanuzi au akirudisha kiandikwe upya. Kisha wahakiki hupitia kazi ya mtathmini kabla jina halijapelekwa kwenye rejista. Angalau nusu ya ushahidi inapaswa kuwa ya ndani ya miaka 5 iliyotangulia.

Mlango wa kwanza, usio wake

Kwa kuwa Bi. M. alijitambua kuwa afisa afya, kwanza alitafuta usajili wa maafisa wa afya ya mazingira. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Alichokuwa hajakijua ni kwamba kazi aliyoifanya nyumbani akiwa mtu mmoja, Uingereza imegawanywa. Wanaokagua migahawa na nyumba za kupanga wana sifa zao mahususi, mafunzo yao na usajili wao. Wanaofanya uhamasishaji na kinga kwa jamii wako upande mwingine.

Alitumia miezi mingi akifuatilia matokeo ya chuo, mihuri na barua ya utambulisho kutoka kwa mwajiri wa zamani. Ndugu yake alikwenda ofisi ya halmashauri nyumbani mara kadhaa kuulizia faili. Alipokamilisha, alijibiwa kwamba njia hiyo ni ya wakaguzi, na kazi yake ya sasa si ya ukaguzi. Meneja wake ndiye aliyemwelekeza kwenye mpango wa usajili wa eneo lao, na huko ndiko tulikokutana.

Nilimuuliza swali moja siku hiyo: kazi unayoifanya leo ni ipi? Usajili hufuata kazi unayoifanya. Jina la shahada yako, au cheo ulichokuwa nacho, haviamui mlango wa kubisha.

Jalada la kwanza

Alichagua kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa mlipuko wa kipindupindu, ya pili mradi wa kupima kifua kikuu. Aliandika haraka, tena kwa Kiingereza kizuri, akawasilisha sehemu ya kwanza mwaka 2022. Ilirudi ikiwa na maombi ya ufafanuzi karibu kila ukurasa.

Alinipigia simu usiku. "Dada, shikamoo. Hii kazi nimeifanya na watu wameiona. Sasa huyu ananiuliza nilifanya nini?"

Nilimwomba tufungue pamoja ushahidi wa kiwango cha ushirikiano. Ulikuwa muhtasari wa kikao cha kamati ya kifua kikuu. Kikao kilikuwa kizuri na maamuzi yalikuwa mazito. Jina lake lilionekana mara moja tu, kwenye orodha ya waliohudhuria. Ndani kuliandikwa kwamba kamati ilikubaliana kuacha kutuma barua za mwaliko na badala yake wauguzi wapige simu. Ukweli, ambao mimi niliujua na mtathmini hakuwa na njia ya kuujua, ni kwamba hoja hiyo ilikuwa yake. Alikuwa ameketi na akina mama wa Kirundi baada ya ibada ya Jumapili, wakamwambia barua za kliniki zinafanana na barua za uhamiaji, kwa hiyo wengi hawazifungui. Tena, kwa wengi wao kupimwa kifua kikuu kulimaanisha kushukiwa kuwa na virusi vya UKIMWI, na hakuna aliyetaka bahasha ya namna hiyo ionekane mezani. Aliyapeleka maneno hayo kwa mratibu wa kazi ya kifua kikuu kwa barua pepe, akipendekeza njia tatu na kueleza ubaya na uzuri wa kila moja. Barua pepe ile hakuiambatanisha. Alisema aliona kama kujisifu.

Nakiweka hiki wazi kwa sababu nimekiona kwa wengi waliolelewa kama sisi. Tumefundishwa kwamba kazi ni ya timu na mwenye kujitanguliza hana adabu. Adabu hiyo ni njema, nami siitaki ife. Lakini mtathmini hasajili kamati. Anahitaji kujua kama mtu huyu mmoja, akipewa eneo jipya kesho, anaweza kuamua kwa busara.

Kipindupindu nacho kilileta shida ya aina nyingine. Kazi ilikuwa ya 2015, imeshapita miaka 5, na nyaraka zote zilibaki kwenye kabati la wilaya. Alichokuwa nacho mkononi ni picha ya simu akiwa kando ya kisima na ndoo ya klorini.

Karatasi ya mahudhurio

Katika ushahidi wa mradi wa kifua kikuu aliambatanisha picha ya karatasi ya mahudhurio ya siku ya upimaji kanisani. Ilikuwa karatasi ya kawaida, imejazwa kwa kalamu tofauti, na kahawa imemwagika pembeni. Safu zake zilikuwa jina, namba ya simu, mwaka wa kuzaliwa, nchi aliyotoka. Alitaka kuonyesha kwamba watu walikuja, na karatasi ilionyesha hilo. Pia ilionyesha ni nani hasa aliyekuja kupimwa kifua kikuu.

Mtathmini alisimamisha usomaji, akamwarifu mratibu wa mpango wa usajili, na jalada likafungwa lisionekane na mtu mwingine. Bi. M. alikuwa na njia mbili. Angeweza kuifuta picha na kuendelea, maana mfumo uliruhusu. Au angeweza kumwambia mwajiri wake, kwani taarifa zile zilikuwa mali ya halmashauri na zilitolewa nje ya matumizi yaliyokusudiwa. Chini ya sheria za ulinzi wa taarifa za Uingereza, uvujaji wenye hatari kwa wahusika hutakiwa kuripotiwa kwa kamishna anayesimamia sheria hizo ndani ya saa 72 tangu taasisi ijue, na mwenye kupima hatari hiyo ni taasisi, si mtumishi peke yake.

Alimwambia meneja siku ileile. Aliniambia baadaye kwamba mikono ilimtetemeka, kwa kuwa kibali chake cha kuishi kilitegemea ajira. Afisa wa ulinzi wa taarifa wa halmashauri alichunguza, akaona picha ilionwa na mtu mmoja aliyefungwa na wajibu wa usiri, akathibitisha imefutwa, akaandika tukio kwenye daftari la ndani na kuamua halikufikia kiwango cha kuripotiwa kwa kamishna. Bi. M. alipewa mafunzo. Hakuadhibiwa.

Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, na aliufanya kabla ya kuniuliza.

Raundi ya pili

Tulikubaliana kuacha kuandika kwa muda. Badala yake tulichora jedwali: viwango upande mmoja, kazi zake za miaka ya karibuni upande wa pili, na katikati tukauliza ushahidi gani upo tayari unaoonyesha uamuzi wake. Palipokuwa na pengo tuliacha wazi.

Mapengo yakajionyesha. Kinga dhidi ya milipuko ilikuwa dhaifu, jambo lililomuuma mtu aliyepambana na kipindupindu, maana kazi yake ya sasa haikumpeleka huko. Meneja alimwombea nafasi ya kukaa na timu ya kanda ya kudhibiti magonjwa ya kuambukiza wakati wa ufuatiliaji wa waliokuwa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu. Hakuenda kutazama tu. Timu ilipokwama kupata orodha ya watu wa nyumba moja waliogoma kuongea, yeye ndiye aliyepanga namna ya kuwafikia kupitia mzee wa msikiti, kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, na akaandika sababu za kila hatua.

Kipindupindu hakukitupa. Mratibu wa mpango wa usajili alikubali kitumike kuonyesha maarifa na uelewa, huku utekelezaji ukithibitishwa na kazi mpya. Aliyekuwa mganga mkuu wa wilaya alimwandikia barua iliyoeleza kwa usahihi sehemu gani ilikuwa yake. Barua hiyo fupi ilimfaa kuliko bahasha nzima ya vyeti.

Tukio la karatasi ya mahudhurio aliliandika kwenye kiwango cha sheria na maadili: nini kilitokea, kwa nini hakuona hatari, sheria inasemaje, alibadilisha nini. Tangu hapo fomu za siku za upimaji zina namba ya siri badala ya jina, na orodha ya majina hubaki kliniki.

Upande wa kupima ushahidi alipata msaada kutoka kwenye jambo dogo la kliniki. Baadhi ya vijana walikuwa wakiacha dawa wiki ya kwanza. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, nao walidhani ni damu. Alisoma tafiti za kumalizia dozi, akalinganisha na aliyosikia kwa wagonjwa, akapendekeza muuguzi aseme habari ya mkojo kabla ya kutoa dawa, na kwa kina mama atangulize maswali ya uzazi wa mpango, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya homoni. Maelezo ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu hilo yalikubaliwa bila swali.

Matokeo

Jalada lilipita kwa mtathmini baada ya ufafanuzi wa viwango vichache, wahakiki wakaliridhia, na jina lake likaingia kwenye rejista. Mshahara haukubadilika. Cheo hakikubadilika. Mwaka uliofuata alipata kazi katika halmashauri nyingine, ngazi ya juu zaidi, ambako tangazo lilitaja usajili kama sifa ya nyongeza. Siwezi kusema usajili ndio uliompa kazi hiyo. Yeye anasema kwenye usaili alijibu kwa mifano iliyokuwa imeshapangwa kichwani.

Mwenzake mmoja aliyeanza naye, mwenye uzoefu usiopungua wake, aliacha njiani. Hakupewa muda kazini, alikuwa na watoto wadogo, na akachoka kuandika usiku.

Uchambuzi

Hasara kubwa ilitokea kabla jalada halijafunguliwa. Miezi ya kukimbizana na mihuri ilitokana na dhana kwamba usajili ni kutambuliwa kwa cheti. Baraza la nyumbani lilimpokea hivyo: ulisoma chuo gani, ulihitimu lini, cheti kiko wapi. Mfumo huo una faida yake, kwani unamlinda mwananchi dhidi ya asiyesoma kabisa. Rejista hii inauliza kitu kingine, na asiyejua swali hawezi kujibu hata akiwa na majibu mengi.

Uchaguzi wa ushahidi ulishindwa kwa sababu aliangalia ukubwa wa kazi. Mlipuko wa kitaifa na kamati ya kanda vilionekana vizito. Vilivyombeba mwishoni ni vidogo: barua pepe yenye njia tatu, fomu iliyobadilishwa, maelezo kuhusu rangi ya mkojo. Katika hivyo mtu anamwona Bi. M. akifikiri.

Jedwali la mapengo lilifanya kazi nzuri, na nadhani lingefanya kazi hata bila mlezi. Lilimwonyesha mapema kwamba anahitaji kuomba nafasi mahali pengine, naye aliiomba wakati bado ipo. Meneja aliyemtengea nusu siku kwa wiki alikuwa na mchango usiopungua wangu. Ninaposoma tena habari ya yule aliyeacha, sioni tofauti ya uwezo kati yao. Naona nusu siku. Mwajiri anayetaka watumishi waliosajiliwa lakini hatoi muda, anawasajili wenye nyumba tulivu tu, na wanaobaki nje ni wazazi wa watoto wadogo na wanaofanya kazi mbili. Wahamiaji wengi wamo humo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuhusu njia hii ya jalada. Inapima utendaji kupitia uandishi, na anayeandika kwa lugha ya tatu hulipa zaidi. Bi. M. alikuwa na shahada ya uzamili kutoka Uingereza. Nawajua wahamasishaji wa jamii wanaowafikia watu ambao sisi wote tumeshindwa kuwafikia, na sidhani kama wangevuka raundi ya kwanza. Ningependa mipango ya maeneo itumie zaidi mazungumzo ya ana kwa ana na kumwona mtu akiwa kazini, angalau kwa viwango vya mawasiliano na ushirikiano.

Kuhusu karatasi ya mahudhurio, wapo walioniambia niiache nje ya maandishi haya kwa kuwa inamwaibisha. Mwenyewe alitaka ibaki. Kwenye semina zetu tumezoea kupitisha karatasi ya majina na simu mkono kwa mkono, kisha picha yake inarushwa kwenye kundi la WhatsApp kama ushahidi wa mahudhurio. Mradi ukihusu vyandarua, madhara ni madogo. Ukihusu kifua kikuu, UKIMWI au uzazi wa mpango, jina kwenye karatasi hiyo linaweza kumvunjia mtu ndoa.

Kwa afisa afya aliye kazini leo, popote alipo, ningeshauri faili moja. Ndani yake aweke, kila mwezi, kazi moja: tatizo lilikuwa nini, alijua nini, aliamua nini na kwa nini, nini kilifuata. Asiweke jina la mgonjwa wala namba ya simu, na nyaraka za mwajiri azichukue kwa ruhusa tu. Akiwa na bosi anayemheshimu, aombe barua ya kueleza kazi kabla bosi hajahamishwa au kustaafu.

Usajili wa Bi. M. haudumu daima. Kila baada ya miaka 5 atatakiwa kuthibitisha upya kwamba bado anajifunza na anafanya kazi kwa viwango. Ijumaa mchana, kabla ya kufunga kompyuta, anaandika aya moja ya wiki hiyo.